Waya Mweusi wa Betri

Kwa miaka kumi na mbili niliendesha gari Toronto bila kufungua boneti hata mara moja. Sikuwa na sababu. Mume wangu alikuwa fundi magari Mwanza kabla hatujahamia huku, na ingawa hapa hakupata kibali cha ufundi akaishia kwenye kiwanda cha mikate, gari letu lilibaki mikononi mwake. Yeye ndiye aliyejua oili imwagwe lini, tairi za baridi zifungwe lini, na ule mlio wa mlango wa nyuma ulitoka wapi. Kazi yangu ilikuwa kukaa, kufunga mkanda, kuwasha na kwenda.

Alikuwa na tabia moja iliyowachosha wateja wake tangu Mwanza. Mtu akija kusema, "Fundi, gari bovu," alimkatiza hapohapo. "Usiniambie bovu. Niambie limefanya nini. Limelia? Limetetemeka? Limekaa kimya?" Wengine walidhani ni majivuno. Mimi nilidhani ni utani wake wa kazini, nikawa simsikilizi.

Septemba alipata kiharusi. Ilikuwa asubuhi, anavaa viatu aende kazini, kiatu kimoja kikamshinda kuvaa. Kiharusi kilimshika upande wa kulia wa mwili, mkono na mguu, na kikamwondolea maneno. Daktari alitueleza kwamba akili yake ipo na mengi tunayosema anayaelewa, ila kuyatoa maneno ndiko kulikoharibika. Likabaki neno moja tu, "haya." Ukimwuliza kama anataka chai, haya. Akikataa uji, haya, huku anausukuma. Akikasirika, haya haya haya, mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Ilibidi tujifunze kumsikiliza upya, kwa sauti na kwa uso, maana neno lenyewe halikutuambia kitu.

Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee hapa North York. Naogesha watu, nawalisha, nawageuza kitandani. Kwa hiyo watu wa kanisani walipokuja kutupa pole walisema, afadhali wewe, kazi unaijua. Kweli niliijua. Mwezi wa kwanza nilimwuliza mume wangu kila kitu. Shati hili au lile? Ukae dirishani au kwenye kochi? Nilingoja jibu, hata likichukua dakika tatu. Kisha nikaanza kuchoka. Nilikuwa natoka kwa wazee wa watu nakuja kwa mzee wangu, na dakika tatu zikawa nyingi. Nikaanza kuamua mwenyewe. Nilimvalisha shati lililokuwa juu. Nilizima televisheni nilipoona imetosha. Binti yetu, anayekaa Vaughan, alikuwa anapiga simu kila jioni kuulizia hali ya baba yake. Ananiuliza kwa Kiingereza kama kawaida yake, nami namjibu kwa Kiswahili: "Hajambo, ila leo kawa mkorofi, chakula hakugusa." Nasema hayo baba mtu amekaa pembeni yangu, goti lake likigusa langu. Kazini kwetu ukisema hivyo mbele ya mzee, unaitwa ofisini.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya Februari, Jumatano. Saa nne kamili asubuhi tulitakiwa kuwa kwa mtaalamu wa usemi, mama mmoja mpole aliyekuwa akimfundisha mume wangu kutamka upya. Wiki iliyotangulia tulikosa kwa sababu ya theluji, na tulikuwa tumeambiwa kwamba ukikosa mara mbili mfululizo nafasi anapewa mwingine, maana foleni ilikuwa ndefu. Nje ilikuwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Nilimvalisha nguo tabaka kwa tabaka, nikamshusha kwa lifti, tukavuka uwanja wa magari nyuma ya jengo letu polepole, yeye na fimbo yake, mimi nikiwa nimemshika kiuno. Nilimkalisha kiti cha abiria, nikamfunga mkanda, nikazunguka upande wangu, nikazungusha ufunguo.

Tak.

Mlio mmoja tu, kama mtu amegonga meza kwa kifundo cha kidole. Nikazungusha tena. Tak. Nikangoja kidogo, nikasali kidogo, nikazungusha mara ya tatu nikaushikilia ufunguo hukohuko mpaka kidole kikauma. Tak, na kimya.

"Limekufa," nikasema.

"Haya," mume wangu akasema.

Nikapiga simu kwa watu wa kuvuta magari. Sauti ya mashine ikaniambia kwamba kwa sababu ya baridi ningengoja zaidi ya saa tatu. Yale magari madogo ya kuwabeba wagonjwa nayo huitwa siku moja kabla. Nikakaa na simu mkononi, pumzi yetu ikigandia kioo cha mbele kwa ndani. Mume wangu akanyoosha mkono wake wa kushoto, ule mzima, akagonga dashibodi. "Haya." Akagonga tena. "Haya. Haya."

"Najua unasikia baridi," nikamwambia. "Tulia kwanza."

Akagonga kwa nguvu zaidi.

"Baba, tulia! Naomba unyamaze nifikiri." Nilisema kwa sauti ile ninayoitumia kwa yule bibi wa chumba cha mwisho kazini anayeficha vijiko vya watu. Akaacha kugonga. Akageuza uso akatazama nje.

Wakati huo jirani yetu wa ghorofa ya nne alikuwa anaingia na gari lake. Ni mtu wa Bukavu, tunasali kanisa moja, na alikuwa anatoka kuwapeleka watoto shule. Aliponiona nimeshika kichwa akasimama, akashusha kioo.

"Mama, bonjour. Kuko nini?"

"Linakataa kuwaka. Na saa nne tunatakiwa kuwa kwa mtaalamu wa Baba."

"Ah, ni batri hiyo. Na hii baridi! Ngoja, niko na makable."

Akalisogeza gari lake mpaka likaangaliana na letu, akafungua maboneti yote mawili, akatoa nyaya zake za kushtulia betri. Nilishuka nikasimama pembeni nikimtazama. Akabana waya mwekundu kwenye kichwa chekundu cha betri yetu, mweusi kwenye kichwa cheusi, na upande wa gari lake vivyo hivyo. Akaniambia nirudi ndani nijaribu. Nikazungusha ufunguo. Tak. Akaongeza mafuta, injini yake ikanguruma, tukangoja dakika tano nzima. Tak.

Jirani akakuna kichwa kupitia kofia ya sufu. "Batri imekufa kabisa," akasema. "Mama, tusipoteze wakati. Mupande yangu, niwapeleke. Hii tutaiangalia nyuma, tukisharudi."

Nilimshukuru kuliko ninavyoweza kueleza. Nikazunguka nikafungua mlango wa abiria, nikamfungua mume wangu mkanda, nikapitisha mkono mgongoni kwake. "Twende, Baba. Tunapanda gari la jirani."

Hakuinuka. Nilimvuta, akajitia uzito. Mkono wake wa kushoto ukashika ile kamba ya plastiki juu ya mlango na haukuachia.

"Baba, tutachelewa."

"Haya," akasema, na akatikisa kichwa, hapana.

Hapo nilikasirika. Sioni sababu ya kuficha. Nilikamata mikunjo ya koti lake nikaanza kubandua vidole vyake kwenye kamba kimoja kimoja, na midomo yangu ilikuwa inasema mambo ambayo sitayaandika. Nilidhani ni ule ukaidi ambao daktari alisema unaweza kuja na ugonjwa. Jirani alikuwa amesimama nyuma yangu na akanigusa bega.

"Mama," akasema taratibu, "mi naona Papa iko anatuambia kitu."

Nikaacha vidole. Jirani akainama mlangoni, uso wake ukawa sawa na uso wa mume wangu. "Papa," akasema, "utuonyeshe."

Mume wangu alimtazama kwanza, kisha akanitazama mimi. Akaachia kamba, akanyoosha kidole kwenye kiti cha dereva. Nikazunguka nikakaa. Akashika mkono wangu wa kulia akauweka kwenye gia, akausukuma. Nilielewa kwamba anataka niitoe kwenye alama ya kuegesha niiweke huru. Nikakanyaga breki, nikaiweka huru. Akaonyesha ufunguo. Nikazungusha. Tak. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetarajia jibu hilo akaliweka pembeni.

Halafu akaanza kufungua na kufumba kiganja mbele ya macho yake. Kufungua, kufumba. Nikamwuliza kama anaumwa kichwa, akakunja uso. Akaonyesha kioo cha mbele, akaonyesha ukuta wa matofali uliokuwa mbele yetu, ng'ambo ya gari la jirani, akafungua kiganja tena.

"Taa!" jirani akasema.

"Haya!" mume wangu akasema, na lile lilikuwa ndiyo, ndiyo ya mtu aliyengoja muda mrefu.

Jirani akaziondoa nyaya zake, akalirudisha gari lake nyuma kidogo ili ukuta uonekane. Nikawasha taa kubwa. Mwanga ukapiga matofali, mweupe na mkali. Mume wangu akaonyesha ufunguo, kisha akaonyesha macho yangu kwa vidole viwili, kisha ukuta. Nizungushe huku natazama. Nikazungusha. Tak. Mwanga ukutani haukupungua hata kidogo. Nikarudia, ukabaki vilevile.

Jirani alikuwa na akili ya haraka kuliko mimi. "Kama batri ingekuwa imekufa," akasema, "taa zingezimika. Zingekuwa nyekundu, dhaifu." Akamtazama mume wangu. "Papa, batri iko nzima?"

Mume wangu akainua kidole gumba.

Hapo ndipo alipotaka kushuka. Yule niliyekuwa namvuta dakika chache kabla sasa alikuwa anatoa mguu mwenyewe. Tulimsaidia mmoja huku mmoja huku, tukamfikisha mbele ya gari, akauegemeza mwili wake kwenye bampa na kuinama juu ya injini. Alikuwa hajaiona tangu Septemba. Aliitazama kwa muda. Baridi ilikuwa inanikata masikio na saa ilikuwa imefika tatu na nusu, lakini sikumharakisha.

Akaugusa waya mwekundu wa betri akaufuata kwa kidole mpaka ulikoishia. Akaugusa ule mweusi. Kwenye kichwa cha betri ulikuwa umegawanyika, mwembamba mmoja ukaenda kwenye bodi ya gari, mwingine mnene ukashuka chini na kupotea gizani, kuelekea injini na giaboksi. Akaufuata ule mnene mpaka mkono haukufika tena. Akasimama wima, akavuta pumzi, akanyoosha mkono kwa jirani na kuzionyesha zile nyaya za kushtulia.

Jirani akaanza kuzibana kama mwanzo, gari kwa gari. "Haya haya haya," mume wangu akamzuia. Alichukua waya mweusi peke yake. Ncha moja akamwonyesha aibane kwenye kichwa cheusi cha betri yetu. Ncha nyingine akaishusha mwenyewe, akajaribu kuibana kwenye chuma kitupu cha injini. Nguvu za kufungua kibanio hazikutosha. Niliweka mkono wangu juu ya wake tukabana pamoja.

"Lakini Papa," jirani akasema, "sasa gari yangu haiko ndani kabisa. Moto utatoka wapi?"

Mume wangu aliigonga betri yetu kwa kidole. Moto utatoka humu.

Nikaenda nikakaa. Nikazungusha ufunguo, na injini ikawaka mara moja, kama gari lililozimwa dakika tano zilizopita.

Jirani alipiga kelele kwa Kifaransa. Mimi nilibaki nimeshika usukani. Kupitia upenyo kati ya boneti na kioo nilikuwa naona kipande cha koti la mume wangu na mkono wake wa kushoto umewekwa juu ya injini, kiganja wazi, akiisikiliza.

Baadaye nilielewa kisa chenyewe, nikakieleza kwa watu mara nyingi mpaka sasa nakijua vizuri. Umeme wa betri unatoka kwa waya mwekundu, lakini lazima uwe na njia ya kurudi, na njia hiyo ni waya mweusi, ambao mafundi wa kwetu wanauita ethi. Huku wanamwaga chumvi barabarani majira yote ya baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inarukia chini ya magari na kula vyuma. Ilikuwa imeula ule waya mnene kule chini tusikokuona. Taa zilikuwa na njia yao nyingine, ule waya mwembamba, ndiyo maana ziling'aa. Starta, ile inayoizungusha injini iwake, inahitaji umeme mwingi na haikuwa na njia ya kurudishia. Tungeweza kununua betri mpya siku ile na gari lingesema tak vilevile.

Alipotosheka, mume wangu alinifanyia ishara nizime. Nikazima. Tukaondoa waya, maana kwa kibanio tu gari lisingeweza kusafiri, tukafunga boneti. Kisha akageuka, akachukua fimbo yake iliyoegemea bampa, akaenda zake polepole mpaka kwenye gari la jirani na kusimama mlangoni, akingoja afunguliwe. Jirani akanitazama nami nikamtazama, tukacheka mpaka machozi yakatugandia kwenye mashavu.

Njiani nilikaa naye kiti cha nyuma. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua nianzie wapi. "Baba," nikasema, "pale nilipokwambia unyamaze." Alikuwa anatazama nje, malori ya chumvi yanapita. "Ulikuwa unaniambia, mimi sikukusikiliza. Nisamehe." Hakugeuka. Lakini alilitafuta goti langu kwa mkono wa kushoto akalipiga kofi mara mbili, jinsi alivyokuwa akilipiga gari la mteja anapomrudishia.

Tulifika tumechelewa dakika kumi na mbili. Mtaalamu alikuwa amekwishapanga kadi zake mezani. Zilikuwa na picha za mwavuli, kikombe, ndizi na mbwa, na kwa miezi minne mume wangu alikuwa amezitazama kadi hizo kwa adabu bila kutamka jina la hata moja. Nilieleza kwa nini tumechelewa. Nilianza kusimulia kwa haraka kama ninavyosimuliaga, kisha nikasimama katikati ya sentensi. "Mwulize mwenyewe," nikamwambia.

Yule mama akazikusanya kadi akaziweka kando. Akampa mume wangu karatasi na kalamu, akamwuliza kwa Kiingereza gari lilikuwa na tatizo gani. Nikarudia kwa Kiswahili, ingawa nafikiri alikuwa ameelewa. Alishika kalamu kwa mkono wa kushoto, vibaya, kama anashika bisibisi. Alichora sanduku, hiyo ndiyo betri. Akachora sanduku kubwa zaidi, hiyo injini. Akachora mistari miwili kati yake, na mmoja akaukata kwa mstari mwingine mfupi, akabonyeza mpaka karatasi ikachanika. Yule mama aliigeuza karatasi upande wake. Akasema hajui lolote kuhusu magari, lakini sasa ameelewa lililoharibika. Kisha akaniambia jambo ambalo sijui kwa nini hakuna kati yetu aliyeliwaza mapema: "Wiki ijayo njoo na vitu vyake. Vitu vya kazi yake. Na umfundishe kwa lugha yenu, mimi nitakuongoza."

Jumamosi jua lilitoka na baridi ikapungua. Tulishuka na sanduku la spana, lile ambalo lilikuwa chini ya kitanda tangu Septemba. Nilimletea kiti cha kukunja akakaa kando ya tairi la mbele, amejifunika blanketi, na mimi nikaingia kwenye injini. Kwanza alinizuia mpaka nikaondoa waya kwenye kichwa cheusi cha betri, ili nisije nikajipiga shoti. Halafu akachagua spana, akanipa. Nikakosea upande wa kuzungusha. Akachora duara hewani kwa kidole, upande wa pili. Nati ya kule chini ilikuwa imeshikwa na kutu na ilichukua nusu saa, nilichubua vidole viwili, nikamkasirikia, naye akanikasirikia. Waya ulipotoka ncha yake ilikuwa ya kijani, na nilipoikunja ikabomoka kama biskuti.

Nikaenda nao kwa basi mpaka duka la vipuri, nikaweka ule mkweche kaunta na kusema nataka kama huu. Niliporudi akanipa msasa, nikasugua chuma cha giaboksi pale waya unapokaa. Kila nilipoona pameng'aa yeye aliona bado. Nikasugua tena. Mwishowe akainua kidole gumba. Nikaweka waya mpya, nikaizungusha nati kwa vidole, kisha kwa spana, nikaona imekaa.

"Kaza."

Niligeuka haraka nikagonga kichwa kwenye boneti. Alikuwa amekaa palepale, anaitazama nati.

"Umesema nini?"

Akafungua mdomo. Niliona anautafuta ulimi wake mwenyewe. "Haya," akasema, na uso ukamshuka.

"Haidhuru," nikamwambia. "Nimesikia." Nikageuka nikaikaza mpaka spana ikakataa.

Neno lilirudi Jumanne, nilipokuwa nafunga kifuniko cha chupa ya maji. Safari hiyo lilikaa. Baada yake likaja legeza, kisha washa na zima, ambayo yalileta vita vidogo kuhusu televisheni. Kwa mtaalamu tulipeleka plagi ya kuwashia injini, fyuzi, kipande cha mkanda wa injini, chujio la oili, na yule mama akajifunza kutamka majina yake kwa Kiswahili ili amwulize vizuri. Si kwamba yote yalirudi. Mkono wa kulia haukuamka. Sentensi hana mpaka leo. Ana maneno kama hamsini, mengi ya gereji, na anayatumia kwa kila kitu. Chai ikiwa na sukari kidogo anasema ongeza. Mlango ukiwa wazi anasema funga. Binti yetu akipiga simu naweka sauti ya wote wasikie, na binti huyo, aliyetujibu kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, sasa anamwuliza baba yake kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kwa sababu ndicho kinachojibiwa.

Mimi nimerudi kungoja zile dakika tatu. Si kila siku. Siku nyingine narudi nimechoka na shati ni lile la juu, ila nikifanya hivyo anasema "toa," nami nalitoa.

Kuanzia majira ya joto watu wa jengo letu na wa kanisani walianza kumletea magari. Hawamletei ayatengeneze, anayasikiliza tu. Anakaa kwenye kiti chake cha kukunja, mtu anawasha, yeye anasikiliza, anaonyesha, anasema neno moja au mawili, na mimi nafafanua. Mwezi uliopita mama mmoja tunayesali naye alileta gari lililokuwa linakohoa kila likisimama kwenye taa. Mume wangu akasikiliza sana, akatangaza, "Plagi." Yule mama akabadilisha plagi zote. Gari likaendelea kukohoa. Fundi wa gereji akakuta ni mpira wa kupeleka hewa kwenye injini uliopasuka. Nilipomletea habari hiyo mume wangu alikataa kabisa. "Plagi," akasema. Nikamweleza kwamba mpira umeshabadilishwa na gari sasa linakwenda vizuri. Akanitazama, akavuta blanketi. "Plagi."

Tumebishana wiki nzima.